Mabango Mkabala na Nyumba Yetu

Nina kibanda cha kutengeneza fremu za picha Bukoba mjini. Ukutani nimetundika mabango ya zamani ya mikutano ya wazee waliopigana vita vya Kagera. Ni karatasi za manila zilizoandikwa kwa brashi na rangi nyekundu, pembe zake zimeliwa na mende kwa sababu zilibandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Nilianza kuyakusanya baada ya kumzika baba. Alikwenda vitani akiwa mgambo, lakini hakuhudhuria hata mkutano mmoja, wala hakutuambia sababu.

Mengi niliyapata kwetu Kamachumu, kwenye mlango wa ghala la kahawa linalotazamana na nyumba yetu. Yalikuwa yamebandikwa moja juu ya jingine. Niliyalowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikayabandua taratibu kwa kisu cha mezani. Mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja. Nikauliza huku na huku, nikaelekezwa kwa mzee mmoja anayeishi Muleba, nyuma ya soko.

Nilimkuta akianika maharage. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni mtoto wa nani na kwamba nimekuja kwa ajili ya mabango. Aliacha maharage, akakaa chini.

"Yale ya Kamachumu nilimwandikia baba yako," alisema. "Nilitaka ayaone akifungua mlango."

Kisha akanisimulia. Yeye, baba na mwenzao mmoja walikuwa marafiki, waliondoka nyumbani pamoja kwenda vitani. Huko mbele mmoja wao alijeruhiwa. Baba alitaka wasubiri gari la majeruhi. Mzee huyu akasisitiza wambebe wenyewe. Wakambeba, akafia mabegani mwao.

"Baba yako akaniambia, 'Umemuua.' Hatukusemezana tena. Na mpaka leo sijui kama lile gari lilifika."

"Kwa nini hukuja nyumbani, mzee?"

"Niliogopa, mwanangu. Nilibandika karatasi, nikapanda basi, nikarudi. Kila mara nilijiambia, mwaka huu akija mkutanoni tutazungumza."

Wiki iliyofuata nilimchukua, tukaenda Kamachumu. Mama alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni. Nilipomweleza huyu ni nani, aliweka kikapu cha buni chini.

"Kumbe ni wewe uliyekuwa ukibandika?"

"Ni mimi, mama."

"Marehemu alikuwa akivuka barabara jioni kwenda kuyasoma. Mwaka mmoja, siku ya mkutano, alipiga pasi shati, akavaa viatu, akakaa hapo mlangoni mpaka basi la Muleba likapita. Nikamwambia, nenda. Akasema, 'Kama ananitaka angeingia. Nyumba si anaiona?'"

Mzee alibaki na buni mkononi.

"Nilikuwa naiona," alisema. "Hata moshi wa jikoni niliuona. Nilijua mko ndani."

 Mama alikwenda jikoni kumenya ndizi, na nikamsikia akipenga kamasi.

Mzee aliomba nimwonyeshe kaburi. Liko kwenye kibanja, katikati ya migomba. Nilimwacha huko peke yake. Chakula kilipoiva nikaenda kumwita, nikamkuta amepiga magoti anaondoa majani makavu ya mgomba juu ya saruji, jani moja moja, na midomo yake inacheza. Sikusikia alichokuwa akisema. Nilirudi nikamwambia mama tungoje kidogo.

Mikutano yao haifanyiki tena. Waliobaki ni wachache na miguu imewakataa. Lakini mzee yule bado huja Kamachumu siku mojamoja. Yeye na mama huongea kwa Kihaya habari za mvua na mnyauko wa migomba, na za vijana waliokwenda kisiwa cha Goziba kuvua wasirudi kulima. Nikiwakuta hivyo nafurahi. Kisha nawaza jinsi baba naye angebishana nao, naona bora nitoke nje.