Siku Nilipomla Gurumba Mbele ya Afande

Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi, mapema, kwa sababu mbele huko kicheko kitapungua. Mimi Rajabu, kijana mzima niliyekwisha kuota ndevu (chache, lakini zilikuwepo), niliwahi kumla mdoli mbele ya kambi nzima ya polisi, siku ya Idd, watu wamevaa vizuri, na Afande, mkuu wa kambi, ameketi kwenye kiti chenye mto. Sikumlamba wala sikumwonja. Nilimtafuna nikammeza, na tangu siku ile mpaka tulipohama, watoto wa kambi walikuwa wakiniona napita wananiuliza kama nimeshiba.

Wakati ule tulikaa kambi ya polisi huku Kampala, ng'ambo ya Ntinda, nyumba za bati zimepangwa mstari mmoja mrefu, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, akikohoa unamwambia pole. Baba alikuwa konstebo, Mwislamu wa kaskazini, mtu mpole sana kwa kazi ile. Mama naye alikuwa Mkristo wa kaskazini hiyohiyo, lakini wa kabila ambalo siku zile halikutakiwa. Kaka zake wawili walikuwa jeshini, wakaitwa gwaride asubuhi moja, na mpaka leo gwaride hilo halijaisha. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa inatazamwa. Hakuna aliyetuambia, lakini ukiwa unatazamwa unajua, hata namna ya kuanika nguo inabadilika.

Na kulikuwa na jambo la magazeti. Baba alikuwa akileta gazeti kutoka kituoni likishasomwa na wote, na kabla hatujalifanyia chochote Mama alilipitia ukurasa kwa ukurasa akitafuta picha ya Mkubwa, maana yule aliyekuwa anatawala tulimwita hivyo tu, Mkubwa, hata tukiwa ndani mlango umefungwa. Ukurasa wenye picha yake haukuwashiwa moto, haukufungiwa samaki, haukupelekwa chooni (hasa chooni!). Mama aliukunja vizuri akauweka chini ya godoro, na kwa kuwa yule bwana alipenda kupigwa picha, godoro lilikuwa limeota kibyongo na Baba alilalamika mgongo. Tulikuwa tumesikia habari ya muuza karanga wa Kawempe aliyefungia karanga zake ukurasa wa namna hiyo. Sokoni hakuonekana tena, yeye wala karanga zake.

Sasa, mimi shule niliiacha mapema, ada ilikuwa tatizo na kichwa changu nacho kilikuwa tatizo, kilikuwa kinasafiri mwalimu akiwa bado anaandika ubaoni. Lakini mikono yangu ilikuwa hodari. Na mwaka ule Idd ilikuja madukani hamna kitu, sukari hamna, sabuni hamna, nguo ndiyo usiseme, na dada yangu Zamu, wa miaka minane, akaambiwa gauni lake litakuwa pazia. Pazia la dirishani, lile la maua. Zamu hakulia. Alienda akasimama mbele ya dirisha akalitazama muda mrefu, na kule kutolia ndiko kulikonimaliza.

Nikamwambia, "Zamu, siku ya Idd utakuwa na kitu ambacho mtoto yeyote wa kambi hii hana. Hata mtoto wa Afande hana."

"Kitu gani?"

"Gurumba."

"Gurumba ni nini?"

Hata mimi sikujua, jina lilikuwa limetoka saa hiyohiyo. Lakini kufikia jioni nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu: shingo ya mamba, pembe za swala, mabawa ya kaloli, yale mandege marefu yanayosimama kwenye majalala ya Kampala kama mahakimu, na jicho la tatu katikati ya kipaji ili aone watu wabaya wakija.

Nikaanza kumtengeneza. Mifupa ilikuwa spoki za baiskeli. Viungo nilikata vipande vya ndala iliyokufa, nikavitoboa na kupitisha waya ili mikono na miguu ikunjike kweli na ukimweka unavyotaka asimame hivyohivyo. Mabawa yalitoka kwenye mwamvuli uliovunjika, meno yalikuwa mbegu za maboga, macho globu tatu za tochi zilizoungua, kucha za kuku kabisa, alizonipa Mama Furaha, jirani yetu mkimbizi wa Kongo aliyekuwa akikaanga kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, karibu na geti. Ndani nilipitisha uzi unaotokea chini ya mkia: ukiuvuta, Gurumba anafungua mabawa na kuinua mkono wa kulia. Nyama ya mwili ilikuwa gazeti lililochanwa na kulowekwa katika uji wa muhogo, tabaka juu ya tabaka. Rangi nilitwanga majani ya kunde nikachanganya na masizi ya sufuria. Vanishi niliifuata madukani Ntinda, nikamkuta mwenye duka amekaa peke yake na rafu zake tupu, akaniambia kwa heshima, "Ssebo, vanishi? Mimi hata chumvi sina." Basi Gurumba akabaki bila vanishi. Likumbukeni hilo.

Jioni ya mkesha wa Idd nikagundua kuwa nyuma, pale mkia unapoanzia (semeni tu matako), tabaka lilikuwa jembamba na spoki inachungulia. Gazeti limekwisha. Juu ya sanduku la Mama kulikuwa na ukurasa mmoja, nikaona habari za mpira, nikajiambia karatasi ni karatasi. Sikuugeuza. Wenzangu, kuugeuza kungekula muda wa kupepesa jicho tu. Nikakata kipande, nikakibandika kwa mwanga wa tadoba unaotoa moshi kuliko mwanga, nikapaka rangi palepale kikiwa kibichi, nikaenda kulala nikiwa kijana mwenye furaha kuliko wote Uganda.

Asubuhi Zamu alipomwona alimchukua mikononi. Aliuvuta uzi, mabawa yakafunguka, mkono ukainuka, akauvuta tena, halafu akavaa pazia lake kama malkia akatoka. Baada ya muda mfupi watoto wote wa kambi walikuwa nyuma yake. Watu wazima nao wakaja. Mama Furaha akapiga makofi akasema, "Rajabu, weye uko fundi ya kweli! Hii nyama inaweza kuniibia kuku!" (Kwao mnyama ni nyama.) Hata Baba, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliniwekea mkono begani akaniambia kwamba siku hiyo atazungumza na Afande, labda nipate nafasi ya kujifunza ufundi kwenye karakana ya kambi. Nikajiona tayari nimevaa ovaroli.

Karamu ilikuwa uwanjani chini ya turubai, Afande mezani na wageni wake na soda zao (soda! tulizitazama zile chupa kama watu wanaotazama mahindi yanachomwa), sisi wengine chini kwenye mikeka. Mvua ikaanza, nyembamba. Afande akamwona Zamu.

"Kuja hapa, wewe mutoto. Hiyo kitu gani?"

"Gurumba, Afande."

"Lete."

Akampokea akamweka mezani mbele yake, uso wa Gurumba ukamtazama yeye, matako yakatutazama sisi. Akagusa meno, akacheka. "Nani ametengeneza hii?" Baba akasimama wima. "Mtoto wangu, Afande. Huyu hapa, Rajabu." Afande akasema, "Muzuri! Muzuri sana! Nitapelekea kijana yangu." Zamu akanitazama. Hakuna aliyemuuliza Zamu.

Mimi nilikuwa bado nawaza nitamtengenezea mwingine, nilipoona tone. Turubai lilikuwa na tundu, na tundu lilikuwa juu ya Gurumba, na maji yalikuwa yanadondoka taratibu pale nyuma nilipoziba. Rangi ya kunde ikaanza kutiririka. Nikasema si kitu, rangi tu. Tone jingine. Chini ya rangi, karatasi ikalowa, na karatasi ya gazeti ikilowa, mnajua, upande wa pili unajitokeza. Kwanza nikaona kitu cheusi kama kofia. Halafu bega lenye nyota. Halafu, polepole, kama mtu anayekuja dirishani, uso.

Alikuwa Mkubwa, anatabasamu, na mkia wa Gurumba unamtoka karibu na sikio.

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu wenyewe. Nilitazama watu: walikuwa wanatazama sahani. Nilitazama Mama: alikuwa anapakua pilau. Nikamtazama Baba, amesimama mikono imenyooka mapajani, anatabasamu, mwanaume ambaye wake zake wangekuwa wajane kesho kama angekuwa na zaidi ya mmoja (samahani, najaribu kucheka).

"Inafanya nini?" Afande akauliza. "Nasikia inaruka."

"Kuna uzi, Afande," Zamu akasema. "Uko huku nyuma."

"Nyuma wapi?" Akanyoosha mkono amgeuze.

Sikumbuki nilivyofika mezani. Nakumbuka nasema, "Afande, mimi nitakuonyesha," na kiganja changu kimefunika pale mahali, navuta uzi kwa mkono mwingine, mabawa yanafunguka, mkono unainuka, wageni wanapiga makofi. Afande akasema, "Vizuri. Sasa toa mukono, niangalie hiyo mashini." Nikasema bado haijakauka, Afande. Akasema, na sasa hakuwa anacheka, "Toa mukono."

Kukimbia naye nisingefika getini. Kumchana, vipande vingeanguka chini na kipande kimoja kingekuwa na jicho. Sasa hapo mwili wangu uliamua bila mimi. Nilimwinua Gurumba, nikamgeuza, nikamng'ata matako.

Nikatafuna. Muhogo uliochacha, masizi, kunde, wino. Spoki ikanichoma kaakaa, nikaendelea. Mvua ikasikika juu ya turubai. Halafu Mama Furaha akapiga ukelele, "Eh, Mungu yangu! Mutoto anakula mudoli!" na kambi nzima ikaangua kicheko, lakini juu ya kicheko hicho nilisikia sauti moja nyembamba, ya Zamu: "Anamla Gurumba! Mama, anamla Gurumba wangu!" Nikameza. Nikang'ata tena, kwa sababu lilikuwa limebaki bega.

Afande akatazama mdomo wangu unaovuja kijani na damu, akamgeukia Baba. "Konstebo, wewe unanyima watoto chakula? Wanakula mezani kwangu karatasi?"

Baba yangu, ambaye dakika ile alikuwa anataka kuniombea kazi, akasema kwa sauti kubwa, "Nisamehe, Afande. Huyu mtoto si mzima wa kichwa. Tangu kuzaliwa."

"Ah. Mwenda wazimu." Afande akatulia. Akaagiza sinia la pilau, likawekwa chini miguuni pake, akanielekeza kwa kidole. "Kula. Kula mpaka ushibe, mwenda wazimu." Nikapiga magoti nikala, damu na wali, wageni wakinihesabia matonge kwa makofi, na Zamu katika pazia lake ameshika bawa moja la mwamvuli lililoanguka.

Usiku ukaingia. Baba alilala amegeukia ukuta. Mama aliniita jikoni, mkononi ana ule ukurasa wenye tundu, ambao kumbe aliuacha juu ya sanduku akisubiri nafasi ya kuuweka chini ya godoro. Akaupinda, akautia kwenye sigiri, akautazama mpaka ukawa majivu, akayaponda majivu.

"Ulimeza yote?"

"Yote, Mama."

"Kale, basi." Akanipa maji ya chumvi nisukutue (chumvi ile alikuwa ameificha kwa ajili ya mwezi mzima). "Baba yako asijue. Akiulizwa, uso wake utajibu."

Basi Baba hakujua. Karakana nikaisahau, nani anampa mwenda wazimu nyundo? Alinipeleka kwa mganga, alinipeleka kwa shehe, na alipokutana na wenzake akawaambia naendelea vizuri. Nami nikawa nakaa kimya nikiwa na watu, ili nisimwaibishe kwa kuonekana mzima.

Kisha vita vikafika mjini, na polisi wa kaskazini wakapanda malori wakiwa na magodoro na kuku. Baba alitaka tubaki na Mama tujifiche Kawempe, alikokuwa amehamia Mama Furaha, yeye atatutafuta kukitulia. Lori lilikuwa limejaa watu na masikio. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama mtu anayechagua papai, akamwambia Mama, "Huyu usimwache peke yake barabarani. Kichwa chake unakijua." Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Lori likaondoka.

Sasa Mkubwa hayupo, na naweza kusema jina lake kwa sauti nikitaka, ila sitaki, bado nasikia ladha yake. Zamu amekuwa msichana, na tumesameheana, ila nikimwambia nimtengenezee kitu hujibu, "Ili ule?" Na mimi sibandiki karatasi yoyote kabla sijaigeuza. Hata karanga nikinunua, nazimwaga mfukoni kwanza, nakunjua kile kikaratasi, natazama huku na huku, wauzaji wananiona wanagusana viwiko.

Baba bado hajarudi. Kuna anayesema alionekana ng'ambo ya mpaka, kuna asiyesema kitu. Nimeshapanga nitakavyofanya. Siku nikimwona anaingia sitamwamkia kwanza, anisamehe. Nitamwambia, "Baba, mimi ni mzima. Ilikuwa picha."