Masikio ya Jaël katika Maombi ya Kikula

Hii habari hamtaiamini, najua. Hata mimi, kama nisingekuwa mwalimu wake mkuu, ningesema mwenye kuisimulia amelewa. Mpwa wangu Jaël, binti wa dada yangu Suzanne, alijiandaa kuongoza ndege za angani akiwa ndani ya kanisa la mabati, hapa Kikula, mtaa wa Likasi, na ndege yenyewe alikuwa hajawahi kuigusa. Mimi pia sijaigusa, lakini darasa la sita nililomaliza mimi si la mchezo.

Miaka ile mitambo ya shaba ya Likasi ilikuwa imenyamaza. Étienne, baba yake Jaël, alivaa kofia ya kazi kila asubuhi, akakaa nayo mlangoni mpaka jua lizame. Ricky, kaka yake Jaël, akaenda kuchimba madini kwenye mashimo ya Kamatanda, na shimo likamwangukia. Watu walijaa juu, kila mmoja akipiga kelele. Yeye chini aliita, nadhani, lakini hakuna aliyeitambua sauti yake. Tulipomfikia alikuwa amekwisha. Hapo sitii chumvi.

Halafu redio ikatangaza: Lubumbashi wanatafuta vijana wa kufundishwa kazi ya mnara wa kuongozea ndege. Ujuzi wa ndege si lazima, ila kuna majaribio. Jirani yetu Fidèle aliwahi kuyafanya akaanguka.

"Banakuvalisha kaske ya kusikilizia ku masikio," alitueleza. "Bantu banasema bote pamoja. Weye unashika sauti moja tu, ile ya ndege yako, unairudilia bila kukosa. Miye nilishika zote, kiisha nikapoteza zote."

"Sasa kaske tutaipata wapi, Tonton?" Jaël akaniuliza mimi mjomba wake.

"Kaske ya nini? Weye unasali wapi?"

Maana kwetu, Jumatano mchana, kanisa zima huomba kwa sauti kwa wakati mmoja, kila mtu na shida yake, mpaka mabati yanatetemeka. Jaël akawa anakaa katikati, macho kayafumba, anachagua mtu mmoja, anaifuata sauti yake tu. Mama Henriette, mkubwa wa wanawake wa maombi, alipomwona kimya hivyo, akasema, "Huyu mutoto, Roho imemushika!" Mimi nikaitikia amina kwa nguvu zote.

Baadaye nilimhoji nyuma ya kanisa.

"Henriette?"

"Anaombea mguu wake wa kushoto."

"Na Germain, yule wa kwaya?"

"Anaomba bibi wa kuoa."

"Bibi mwingine tena?"

Tukacheka mpaka tukashika ukuta.

Jumatano ya mwisho kabla ya majaribio alitoka kabla ya amina.

"Leo nani?"

"Mama. Anasema: Baba Mungu, funga ile njia ya Lubumbashi. Ulikamata Ricky. Huyu uniachie. Akose, arudi kwangu."

Mimi, mwenye mdomo wa kujaza soko, nikamvuta mbali na mlango.

"Sitaenda, Tonton. Nitaenda namna gani, mama analia vile?"

"Mwambie yeye, si mimi."

Jioni ile Suzanne alikuwa uani akichekecha unga. Jaël akamrudishia maombi yake, neno kwa neno. Chekeche likasimama.

"Nani alikuambia?"

"Nilisikia, mama."

"Mu bale bantu bote? Na Henriette analalamika pembeni yangu?"

"Nilikuwa nasikia weye tu."

Dada yangu akakaa chini. Kisha akasema polepole, kama anayeongea na mtu asiyekuwapo: "Ricky aliita. Najua aliita." Akajifuta machozi, uso ukabaki mweupe kwa unga, na hata mimi sikucheka. "Enda, mwanangu. Kule juu nako kuna watoto ya bantu, nabo banaita."

Jaël akapanda lori la makaa, akaenda Lubumbashi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Chumba cha majaribio kilijaa vijana elfu mbili, wenye diploma mpaka mifukoni, na Jaël alipoanza kurudilia sauti ya ndege yake, mkubwa wa mnara alisimama, akapiga saluti, akauliza ni mwalimu gani wa ajabu aliyemfundisha binti huyu, naye akalitaja jina langu, na mzee yule machozi yakaanza ku—

"Tonton!" ananikatiza Jaël, aliyekuja likizo na sasa anasoma juu ya bega langu haya ninayoandika. "Tulikuwa kumi na tano. Hakuna muntu alisimama, na jina yako hawakuuliza. Nilipita, ndio vile tu. Futa ile saluti."