Mti wa Kahawa Juu ya Mizani

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa fagio. Mkuu wa Kituo, mtu mrefu aliyezungumza polepole, alinipeleka kwenye karai pana la bati lililojaa maji, likiwa juu ya mbao ndani ya uzio wa waya, akaniambia niondoe majani yote yaliyoanguka kando yake.

"Mvua kila mtu anaiona ikishuka," alisema. "Sisi tumeajiriwa kupima inayopanda."

Nilikuwa msichana wa Shirimatunda mwenye cheti cha maabara. Kituo kilikuwa juu ya mji wa Mkuu, Rombo, kwenye mteremko wa mlima, mahali ambapo ukungu huingia mpaka jikoni. Nyinyi vijana mna mitambo inayojisomea yenyewe. Sisi kila asubuhi tulipima maji ya karai yameshuka kiasi gani, tukajumlisha mvua iliyoingia humo, tukapata mvukizo. Lakini karai halina mizizi wala majani. Kwa hiyo tulifukia tangi lililojaa udongo katika kihamba, yaani shamba la ukoo, cha Mzee Aloisi, jirani yetu, tukapanda mti wa kahawa ndani yake, na chini tukaweka mizani. Uzito uliopungua ulitueleza udongo na mti vimetoa maji kiasi gani kwenda angani. Sharti lilikuwa moja: mti wetu uzungukwe na kahawa na migomba ya mzee, kimo kilekile, kivuli kilekile.

Tulitaka kujua kama vihamba vinakula maji ya mlima au vinayatunza. Watu wa juu na wa chini waligombania mifongo, ile mifereji waliyochimba mababu, na wote walisubiri jibu letu.

Kisha biashara ya kahawa ikawa huria. Wanunuzi binafsi walikuja wakaondoka, dawa ya kahawa ikapanda bei, bei ya kahawa yenyewe ikaanguka. Asubuhi moja nikasikia panga kihambani kwa Mzee Aloisi. Nilikimbia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nakuomba usikate kahawa iliyo karibu na tangi. Mti ukibaki peke yake, jua na upepo vitaukausha kama nguo kwenye kamba. Kipimo kitaharibika."

Alisimama akihema. Kahawa ile aliipanda na marehemu mkewe.

"Unataka nisikate ili mizani yenu isidanganye?"

"Ndiyo, baba."

"Na wajukuu wangu wale mvuke?"

Alikata yote, na migomba mingi, akapanda mahindi. Mti wetu hakuugusa. Aliuzungushia hata miiba, mbuzi wasiufikie.

Tuliendelea kupima. Mti ulipoteza maji kwa namna ambayo hatujawahi kuona. Mkuu wa Kituo aliyasoma matokeo, akavua miwani.

"Hiki si kihamba tena tunachopima," alisema. "Tunapima mti mmoja ukiteseka."

Aliandika wizarani kuomba shamba jingine. Jibu lililokuja ni kwamba watumishi wanapunguzwa. Aliondoka na godoro lake juu ya basi la Moshi, na sikumwona tena. Wanunuzi wa vyuma chakavu walichukua karai na mizani. Mimi nilihamishiwa masjala ya wilaya, nikafungua na kufunga mafaili mpaka nikastaafu.

Vijana huniuliza kama najivunia kazi ile. Tulipima kwa uaminifu, na swali likabaki pale tulipolikuta.

Mwaka niliostaafu, mfongo uliopita karibu na kituo cha zamani haukuleta maji msimu mzima. Mzee Aloisi, mgongo umepinda, alinikuta barabarani.

"Wewe ulikuwa mpimaji," alisema. "Ni kwa sababu tulikata?"

"Sijui, baba. Tulisimamishwa kabla hatujajua."

Nadhani angependelea nimwambie ndiyo. Kisha akashika jembe, kwa kuwa ilikuwa zamu yake ya kusafisha mfongo, akaingia humo na kuanza kuzoa vumbi.

Nilivua viatu nikamfuata.