Boti ya Baba na Matanga ya Jirani

Boti ya baba ilikuwa imegeuka nyumba ya kuku. Tangu afe, ililala kifudifudi nyuma ya jiko letu, hapa Sake kando ya ziwa, alumini imetoboka huku na huku. Wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria hawakuchoka kuja: “Mama, utuuzie ile takataka.” Niliwafukuza. Baba alivusha maharagwe ya watu kwa boti ile miaka yote, kwa hiyo takataka ni midomo yao.

Kisha vita vikafunga njia ya Minova. Mama yetu alikuwa huko, kwa mdogo wake, presha imepanda, miguu imevimba, dawa zimemwishia. Dawa sisi tulikuwa nazo, kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Boti za bandarini zilikuwa zimekimbizwa, na wenye kubaki hawakutaka kulisikia hata jina la Minova. Kaka yangu akasimama akiitazama ile nyumba ya kuku.

“Dada, tuitengeneze,” akasema.

Tulikwangua mavi ya kuku mpaka kucha zikauma. Viraka alivikata kwenye kifuniko cha sufuria kubwa ya mama, ile ya sherehe. Riveti za kuvishikiza tulizikata kwenye waya mnene wa umeme ulioanguka; umeme wenyewe tulishausahau. Yeye aligonga nje, mimi nimejikunja chini ya boti, nimekaza kipande cha chuma kwa ndani ili riveti itandazike. Kila pigo lilinifika mpaka kwenye meno. Nikimtukana anacheka: “Kamata nguvu, dada! Hii haiko mutoto ya kubembeleza!”

Mama alizisikia zile kelele kwenye simu, akataka kujua kama ndiyo yenyewe. “Njo boti ya baba yenu?”

“Njo yenyewe, mama.”

“Basi nitawangojea.”

Vilibaki viraka vichache tu, kisha jirani yetu, mzee mshonaji, akafariki. Kwetu mtaa wenye matanga haugongi nyundo. Redio unaizima, kuni unaenda kuzipasulia mbali, mpaka maiti itoke. Na maiti haitoki kabla mtoto mkubwa hajafika. Huyo alikuwa Walikale, kwenye machimbo ya Omate, na njia ya huko ni matope na vizuizi vya watu wenye bunduki. Kaka akaweka nyundo chini; boti si kuni, watu wawili hatungeweza kuibeba kwenda kuigongea mbali. Mimi nikaenda kukaa kwenye mkeka wa matanga, naimba nyimbo za kanisa na wenzangu huku hasira imenijaa mpaka kichwa kinauma. Kila pikipiki iliyoshuka kutoka Masisi, njia ya Walikale, nilinyoosha shingo, nione kama ni yeye.

Alifika mwishowe, matope mpaka kiunoni, na baba yake akazikwa. Asubuhi yake simu ikalia. Mama mdogo hakutoa hata salamu.

“Mama yenu ametuacha,” akasema.

Sasa matanga yakawa yetu. Majirani waliingia na mikeka, wanawake wanalia, nami nikapita katikati yao nikaokota nyundo. Mama mmoja akapiga kelele: “Ee Mungu! Unagonga kwa matanga ya mama yako?”

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama yangu alikuwa amelala ng'ambo, na nilitaka kumzika. Hivyo tu. Lakini kaka alikuwa ameketi chini, uso kwenye magoti, na kwa ndani hakuna wa kukaza chuma. Ndipo mjane wa mzee mshonaji alipotoka kwake, kitambaa cha msiba kichwani, na wanawake wakampisha. Akaingia chini ya boti, akakishika kile chuma.

“Gonga, binti yangu,” akasema. “Njo sisi tuliwachelewesha.”

Niligonga huku nalia. Wanaume wakaibeba boti mpaka majini, mimi na kaka tukapanda, tukawasha moteri ya baba tuliyoihifadhi ndani ya nyumba; ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Njia nzima nilishika kopo la kutolea maji, nikingoja yaingie.

Minova tulikuta wameshamzika. Risasi zilikuwa zimekaribia, hawakuweza kungoja. Mama mdogo alituonyesha udongo bado mbichi, na mimi nikasimama pale nimeshika kopo ambalo halikuchota hata tone. Kifuniko cha sufuria ya mama kilikuwa kimeshika vizuri kabisa. Kwenye kitenge nilikuwa nimefunga dawa zake zote.