Koramu ya Soda

Cheche hakuomba kusomeshwa. Alikuwa anachomelea geti, kinyago usoni, mara mafundi wenzake wakaja kumzunguka kama watu waliobeba taarifa ya msiba na hawajui nani aanze.

"Tumekuchagua," akasema Randa, yule seremala, mwenyekiti wa uwanja wa mafundi.

"Kufa au kuolewa?"

"Kusoma Kiingereza."

Akainua kinyago, akawatazama vizuri. "Nyie mmeshalewa asubuhi yote hii?"

Hawakulewa. Waliogopa. Watu wa halmashauri walikuwa wamepita na kamba zao, wakapima uwanja, wakapiga alama nyekundu ukutani. Mafundi wote watahamishwa, wapelekwe bondeni nyuma ya machinjio, mahali ambapo hata mbwa akipotea mwenyewe hamfuati. Ila kwanza kutakuwa na mkutano. Na mkutano ule wa mwisho, wa mambo ya maji, uliendeshwa kwa Kiingereza mwanzo mwisho. Mafundi walikaa mle kama magunia. Wageni wakipiga makofi, nao wanapiga. Kurudi uwanjani wakakuta bomba limekatwa, kumbe ndilo walilolishangilia.

Safari hii walitaka mtu mwenye masikio. Watachanga ada, mmoja akasome, asikie kwa niaba ya wote.

"Kwa nini mimi?"

"Mdomo unao tayari," akasema dada yake, mshona viti vya magari, kichwa hakijainuka kwenye cherehani. "Bado maneno ya kutia tu."

Cheche akataka kumrushia nyundo. Halafu akaangalia pale alipokuwa amesimama: mbele kabisa, kando ya barabara, chini ya nguzo ya umeme. Alipagombania miaka, akatukanwa, akatukana zaidi. Mteja wa geti hakutafuti, anakuona akipita. Kule bondeni atapita nani? Ng'ombe, tena safari moja tu.

"Haya," akasema. "Leteni hiyo ada yenu."

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la kutengeneza simu. Viti vya plastiki, feni isiyozunguka, na mlangoni maandishi makubwa: KIINGEREZA CHA UCHUMI, BIASHARA NA SERIKALI. Mwalimu alivaa tai nyekundu ambayo fundo lake lilifungwa siku aliyoinunua na halijafunguliwa tena. Akitaka kuivua anaipitishia kichwani kama mtu anayejinyonga kinyumenyume.

"Infleshen!"

"Infleshen!" darasa zima likaitikia, mama mmoja aliyetaka udiwani akiwazidi wote kwa sauti.

"Maana yake?"

"Bei kupanda!"

Cheche akanyoosha mkono. "Sasa mwalimu, si tuseme tu bei zimepanda?"

Mwalimu akamtazama kwa huruma. "Dada yangu, ukisema bei zimepanda, watu watakasirika. Ukisema infleshen, watachukua kalamu waandike."

Na kweli, wote wakaandika. Cheche akawaangalia vichogo vyao vilivyoinama, akasema moyoni, kondoo hawa, Mungu aliwapa kalamu badala ya majani.

Lakini ada ilikuwa ya watu, hakuweza kuacha. Akabuni njia yake. Kila neno alilibandika kwa mtu anayemdharau, na kwa kuwa watu hao hawakuwa haba, maneno yaliingia upesi kuliko alivyotegemea. Subsidi, yaani ruzuku, ni shemeji, mume wa dada: anakula, analala, anaoga maji ya watu, halafu anauliza kwa nini sabuni imeisha. Riseshen, uchumi kusinyaa, ni mfuko wa dada kila shemeji anapoamka.

Na monopoli, kuhodhi biashara peke yako? Hilo halikuhitaji hata kufikiri. Monopoli ni Mzee Choo.

Mzee huyu ndiye aliyekuwa na choo pekee pale uwanjani. Kufuli moja, ufunguo mmoja, kauning'iniza shingoni kama medali ya vita. Fundi ana haraka, amebana miguu, yeye kwanza anatafuta miwani. Kisha anauliza, "Ndogo au kubwa?" Kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Ukilalamika anakwambia kichaka ni bure, nenda. Na kichaka hakipo, alikifyeka mwenyewe.

Siku moja mwalimu akaandika ubaoni neno konsalteshen. "Hii ni kuwashirikisha wananchi. Kabla serikali haijawahamisha watu, lazima iwaite, iwasikilize."

"Wakikataa?" Cheche akauliza.

"Watakuwa wameshirikishwa."

"Wakilia?"

"Watakuwa wameshirikishwa sana."

"Na wasipokuwepo?"

Mwalimu akavuta tai. "Hapo hakuna koramu. Koramu ni idadi ya kuufanya mkutano uwe mkutano. Kwa mambo ya kuhamisha, zaidi ya nusu ya wahusika wawe wamekaa pale mwishoni, wakati wa kuhesabiwa. Bila hivyo ni kama hamkukutana." Kisha akacheka. "Lakini huwa wanakaa, dada. Huwa kuna soda, na haifunguliwi mpaka watu wahesabiwe."

Siku ya mkutano ilipofika, soda zilikuwepo kweli, kreti kwa kreti kando ya ukuta wa ukumbi wa halmashauri. Mafundi waliingia wameoga, mashati yamenyooshwa, macho yote kwenye kreti. Shemeji naye alikuwemo. Hakuwa fundi wa kitu chochote, ila pua yake haijawahi kukosea.

Mbele walikaa wafadhili wa kigeni, na mama mkurugenzi mwenye sauti laini kama anabembeleza mtoto alale. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya bondeni ilivyochorwa: miti, watu wanatabasamu, machinjio yamefutwa. Na mkalimani, amevaa koti lililomzidi mabega, alikuwa mwalimu. Tai ileile. Alipomwona Cheche akajifanya anasoma karatasi.

Mkurugenzi akaanza Kiingereza chake. Cheche akakaza masikio, na maneno yakaanza kumjia, moja baada ya jingine, kama watu anaowafahamu mtaani. Rilokeshen, kabla ya mvua. Kompenseshen, hakuna. Halafu mwalimu akasafisha koo.

"Mama anasema, mnaboreshewa mazingira ya kazi."

Ukumbi ukapiga makofi.

"Acheni makofi, nyie!" Cheche akamkamata Randa mkono. "Kasema tunahama kabla ya mvua na hatulipwi kitu!"

"Mbona mwalimu kasema tunaboreshewa?"

"Mwalimu anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" Akasimama. "Mama, tumekusikia! Hatuhami! Na huyo mwenye tai mwambie atafsiri vizuri, ada yangu kala!"

Mwalimu akawageukia wafadhili, akawaambia kwa Kiingereza kizuri kwamba stekiholda huyu, yaani mdau, ana hamu ya kujua zaidi. Wafadhili wakatabasamu. Mkurugenzi naye akatabasamu, akasema kwa Kiswahili safi, "Hongera dada kwa kujieleza. Maoni yako tumeyapokea." Karani akaandika.

Hapo ndipo Cheche alipoishiwa pumzi. Alikuwa ameshirikishwa. Kila tusi alilokuwa nalo tumboni, akilitoa, litaandikwa kwamba ni maoni. Na karani tayari alikuwa anainuka kuhesabu vichwa.

Akawageukia wenzake. "Inukeni. Tunatoka. Tukitoka hawana mkutano."

Hakuna aliyeinuka. Macho kwenye kreti.

"Mmenipeleka nikaimbe infleshen kama kasuku, nimeimba! Sasa nawaambia walichosema, mnaangalia soda? Utu wenu ni wa chupa moja? Tena ya moto, hata barafu hawakuwawekea!"

Dada yake akaguna. "Ni ya moto kweli?" Akaenda akagusa kreti, akasonya msonyo mrefu, akashika mlango. Randa akamfuata, uso chini. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, karibu nusu ya ukumbi, wengine wakigeuka nyuma kuaga soda kama wanaaga mgonjwa.

Karani akahesabu, akahesabu tena. Akamnong'oneza mkurugenzi, lakini kwa ule unong'ono wa watu wasioweza kunong'ona: "Akibaki huyu mzee, inatosha."

Huyu mzee alikuwa Mzee Choo. Amekaa mstari wa mbele, kifungulio cha soda mkononi, kaja nacho kutoka nyumbani.

"Mzee, inuka," Cheche akasema.

"Mimi kuhama hakunisumbui, binti. Popote penye watu pana haja. Nenda zako, niache ninywe."

Cheche akamwangalia ule ufunguo shingoni. Akajaribu kutafuta kitu cha kumheshimu ndani ya mzee huyu, akakosa. Akashukuru kwamba amekosa, maana hapo ndipo alipopata la kumwambia.

"Umeiona picha ile, mzee? Kale kajengo keupe chini ya mti?"

Mzee akatafuta miwani. Alichukua muda wake. "Kana nini?"

"Ni choo. Cha halmashauri."

"Cha halmashauri vipi? Wanatoza?"

"Muulize mwalimu, mimi sijasoma."

Mwalimu kusikia anaulizwa, akafurahi. Siku nzima alikuwa anapamba uongo, sasa kapata ukweli unaopambika wenyewe. "Ah, mzee wangu! Vyoo vya kisasa, maji masaa yote, sabuni ya kunawia, na ni bure kwa wote! Bure kabisa!"

Mzee Choo akasimama. Kifungulio kikaanguka.

"Bure?" Sauti ikamtetemeka. "Huu ni uonevu! Wananchi tunaonewa! Tumechoka!" Akatoka kwa hatua kubwa, ufunguo ukipiga kifuani, akawapita wote waliotoka kabla yake mpaka akawa wa mbele, kama vile maandamano aliyaanzisha yeye.

Mkutano ukaahirishwa. Ndani ilibaki nusu tu, shemeji na watu wa aina yake, wakauliza kama soda bado zipo. Wakaambiwa zinarudi stoo.

Alama nyekundu bado iko ukutani, na watarudi tu. Safari ijayo wataleta na keki, Cheche hana shaka, wala hana shaka ni nani watakaokaa. Lakini geti lake bado linaonekana barabarani. Mzee Choo amekuwa shujaa, anapigiwa saluti, anasimulia alivyomkemea mkurugenzi uso kwa uso. Kiingilio cha choo hajapunguza.

Juzi Cheche alikwenda kuomba ufunguo.

"Ndogo au kubwa?" mzee akapaza sauti.

"Fungua, monopoli wee."

"Ndiyo nini hiyo?"

Cheche akamtazama, kifua kimejaa, mikono nyuma, miwani puani. "Cheo," akasema. "Cha Kiingereza. Wachache sana wanacho."

Mzee akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Akamwomba amwandikie mlangoni. Cheche akatoa ile chaki yake ya kupimia vyuma, akaandika kwa herufi kubwa za kusomeka toka barabarani, na kwa mara ya kwanza mzee akamwachia aingie bure.