Vidole Viwili vya Mwinjuma

Mwinjuma wa Fukayosi hanyanyui mkono mzima kwenye usukani. Ananyanyua vidole viwili, cha shahada na cha kati, na kichwa anakiinamisha kidogo kama mtu anayepita mbele ya wakubwa. Ndiyo salamu ya mwenye Landrova kwa mwenye gari mwenzie wa njia mbovu, na ameitoa miaka thelathini na nne, kutoka pale lami inapoishia hadi nyumbani kwake huko ndani, kilomita tisa za udongo mweusi ambao ukinyeshewa unashika mguu kama mdai. Zamani alikuwa anarudishiwa. Siku hizi ananyanyua, anashusha. Wenye gari mpya wanadhani anafukuza nzi.

Landrova yenyewe ilikuwa ya mradi wa maji. Mwinjuma alikuwa dereva wao. Mradi ukafa, wenyewe wakaondoka, maji hayakuja, gari ikauzwa mnadani akainunua. Ndicho kitu pekee mradi ule ulichowaachia watu wa kule, na hakinyweki. Upande mmoja kijani, upande wa pili rangi ya mlango uliopatikana. Imebeba mananasi, imebeba wajawazito, imebeba maiti tisa, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Gari ile ina tabia moja. Ukitaka magurudumu ya mbele nayo yavute, lazima ushuke. Ushuke topeni, upige goti, ukamate kile kifuniko cha katikati ya gurudumu ukizungushe kwa mkono, halafu uende upande wa pili upige goti tena. Kwa hiyo wenye gari zile wote walikuwa na magoti machafu, padri, bwana shamba, mchoma mkaa, hata yule mkubwa wa mradi aliyekuja na kofia yake. Mtu aliyepiga goti kwenye tope asubuhi, kiburi cha mchana anakitoa wapi?

Desturi ikatoka humo. Ukimkuta mwenzio kakwama, unasimama. Aliyekwama anashuka, anasalimia, na kamba anaifunga yeye kwenye gari yake. Mvutaji hamfungii mtu kamba. Gari ikitoka mnapeana mikono na tope lake, kila mtu anakwenda zake. Hakuna aliyeiandika popote. Haikuhitaji kuandikwa, watu walikuwa na mama zao.

Kisha watu wa Mapinga wakauza mashamba yakawa viwanja, na waliouza na walionunua wote wakapanda gari za juu. Gari za sasa zina kitufe. Unakizungusha umekaa, kiyoyozi kinakupuliza, soksi nyeupe. Wengine hata kitufe chenyewe hawakijui. Gari wameinunua ionekane kanisani na msikitini. Wakafuata barabara hadi Fukayosi kutafuta mashamba ya mwisho wa wiki, wanapita wamefunga vioo, na tope lao wanakumwagia wewe unayetembea.

Sasa huyu Mwinjuma ana binti mmoja, Lulu, anauza dawa za mifugo Chalinze. Miaka thelathini na moja, ana akili, ana biashara, mume hana. Posa mbili zimevunjika, na zote zimevunjikia mdomoni mwa baba yake. Wa kwanza alikanyaga mkeka na viatu, akaambiwa arudi alikotoka akavivue huko. Wa pili alimwita Mwinjuma "mshua". Hakuna haja ya kueleza zaidi.

Masika hii ikaja ya tatu. Ridhiwani, kijana wa Mapinga, anapeleka vyakula vya kuku hadi Chalinze, ndiko walikojuana. Mshenga ni mjomba wake, Abdullatif, dalali wa viwanja. Watakuja Jumamosi baada ya adhuhuri.

Ijumaa usiku Sikuzani akamwambia mumewe, "Baba Lulu, hii ya tatu. Ukiivunja hii kwa ajili ya salamu, hamia kwenye Landrova yako, na wali ikupikie yenyewe."

"Mie nimefanya nini?"

"Bado hujafanya. Ndo maana nasema sasa."

Jumamosi mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa tano. Mwinjuma akatoka na gari kwenda barabarani kumpokea dada yake, Bi Mwajabu, aliyekuja na basi kutoka Bagamoyo. Posa haipokelewi bila shangazi, na shangazi huyu haingii popote bila kusema. Akapanda na kikapu chake, akaulizwa habari za safari, akasema basi lilikuwa linanuka, wakaondoka.

Katikati ya njia kuna bonde linaitwa Kwa Ausi. Ausi hakai pale. Alikwama pale siku mbili mwaka wa mvua kubwa, basi.

Wakakuta dabo kebini nyeupe, mpya, magurudumu mapana kama mabirika ya kunyweshea ng'ombe, imezama hadi tumboni. Vioo vyeusi vimefungwa. Injini inanguruma, magurudumu ya nyuma yanazunguka na kurusha tope, ya mbele yametulia kama wageni waalikwa.

Mwinjuma aliliona hilo kabla hajakanyaga breki. Yule dereva hajazungusha kitufe. Gari ina miguu minne, anaikimbiza kwa miwili.

Akasimama, maana desturi ni kusimama. Akashuka, akasogea dirishani. Kioo kikashuka vidole vinne, si zaidi, baridi ikatoka. Ndani mwanamume wa miaka hamsini hivi, kofia nzuri iliyoshonwa kwa mkono, simu sikioni.

"Asalaam aleikum," akasema Mwinjuma.

Yule bwana akanyanyua kidole kimoja. Ngoja. Akaendelea na simu, kiwanja kina hati, hakina hati, kiko karibu na lami, lami iko mbali. Mwinjuma akangoja, tope likimpanda kwenye kandambili. Simu ikaisha.

"Mzee, una kamba? Funga hapo mbele kwenye bampa, vuta. Fanya haraka, tuna watu wanatungoja. Utapata ya soda."

Salamu ilikuwa bado imesimama pale dirishani, hakuna aliyeikaribisha.

Kwenye Landrova Bi Mwajabu akatoa kichwa. "Mwinjuma! Tunangoja nini, mwezi uandame?"

Mtu atauliza, hakujua kuwa ndio wageni wake? Gari kubwa, imetoka upande wa Mapinga, Jumamosi, adhuhuri? Lilimpitia kichwani. Akalitoa mwenyewe. Watu wanaokwenda kuomba mke hawakosi salamu; hata mwizi anayekwenda kuomba moto husema hodi. Hawa si wao. Akarudi kwenye gari yake, akapiga magoti yake mawili, akazungusha vifuniko vyake, akapanda, akakatiza kichakani pale anapopajua yeye, akaondoka.

"Umewaacha?" akauliza dada yake.

"Hawakuniita."

Nyumbani pilau ilikuwa imefunikwa, mikeka mipya, beseni na birika la maji vimewekwa mlangoni wageni wanawe miguu. Adhuhuri ikapita. Saa tisa ikapita. Pilau ikaanza kushikana. Alasiri ikaswaliwa. Sikuzani alikuwa anatoka uani, anatazama njia, anarudi, kila akirudi amepungua maneno, na mwanamke yule akipungua maneno ni bora ukimbie.

Simu ya Lulu ikalia, ujumbe wa Ridhiwani. Akasoma kwa sauti, masikini, hakujua anasoma nini:

"Tumekwama tangu saa saba. Alipita mzee na Landrova bovu, akatutazama, akatuacha. Watu wa huku wana roho mbaya kweli."

Mwinjuma akanywa chai.

Sikuzani akamgeukia wifi yake. "Wifi. Mlipita wapi mkija?"

"Kwa Ausi," akasema Bi Mwajabu, ambaye hajapata kusema uongo maishani, si kwa ucha Mungu, kwa uvivu. "Kulikuwa na gari nyeupe. Mumeo kaitazama."

"Hakuitikia salamu," akasema Mwinjuma.

"Salamu!" Sikuzani akaweka mwiko chini taratibu. "Mwanao anaingia miaka thelathini na mbili, wewe unahesabu salamu. Utarudi sasa hivi. Hutasema neno. Utawavuta, na kamba utaifunga wewe, kwa mikono yako, husubiri mtu ashuke. Umenisikia?"

Hapo Mwinjuma aliweka kikombe. Kufunga kamba kwenye gari ya mtu aliyekaa ndani, akiwa na miaka sitini na tisa! Hajapata kumfungia hata mkuu wa wilaya. Akamtazama Lulu. Lulu alikuwa amejipaka hina, amevaa gauni la rangi ya samli, simu mkononi, anatazama chini. Hakuomba kitu. Angeomba ingekuwa rahisi kumkatalia.

"Nimesikia," akasema.

"Nakwenda na baba," akasema Lulu, na mama yake alipofungua mdomo alikuwa keshapanda. Mwari kufuata posa yake kichakani! Lakini hata muoaji zamani alikuwa hakanyagi kwenye posa yake, siku hizi wanakwenda na kupiga picha. Yote yamekwisha.

Kwa Ausi gari ilikuwa imezama zaidi, kwa maana yule bwana alikuwa haachi kukanyaga mafuta. Vioo vimefungwa vilevile. Mwinjuma akashuka na kamba begani. Hakusalimia, aliambiwa asiseme neno. Akaenda mbele ya ile gari, akakunja suruali, akainama. Goti moja likagusa tope, na halikuwa kwa ajili ya gari yake.

Lulu akaona. Akavua viatu, akashuka na gauni lake, akagonga kioo cha dereva kwa pete.

Kikashuka vidole vinne.

"Shikamoo mjomba. Mimi Lulu."

"Aaa! Marahaba, marahaba mwanangu! Afadhali umeleta mtu—"

"Huyo anayepiga goti ni baba yangu."

Kioo kikashuka chote. Abdullatif akatoa kichwa: "Shikamoo mzee!"

Mwinjuma hakuisikia. Masikio yake hayapokei shikamoo ya mtu aliyekaa.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Ridhiwani akateremka na kanzu nyeupe na viatu vyake, tope likamla hadi magotini. Mjomba wake akasema, "We, utachafuka, tunakwenda posa!" Hayo hayo ndiyo aliyomwambia tangu saa saba, na kijana akamtii, na hilo ni kosa lake, lisifutwe. Safari hii hakutii. Akavuta mguu mmoja, akavuta wa pili, kiatu kimoja kikabaki chini na kiko huko mpaka leo. Akafika mbele, akainama chini kuliko alivyoinama mzee.

"Shikamoo baba."

Mwinjuma akamwacha kidogo. "Marahaba."

"Nipe kamba, baba, nifunge mimi. Nifunge wapi? Mjomba anasema bampa."

"Bampa ni plastiki. Ukiivuta utaondoka nayo peke yake."

"Basi nionyeshe."

Nionyeshe. Mwinjuma alikaa na neno hilo. Tangu zije gari za vitufe hajapata kuambiwa nionyeshe. Akaikunja kamba, akairudisha begani.

"Haihitaji kamba. Mwambie mjomba wako, hapo kwenye mkono wake wa kushoto kuna kitufe cha mviringo. Kina picha ya gari. Azungushe hadi palipoandikwa nne. Asikanyage mafuta kwa hasira."

Abdullatif akatafuta, akakiona, akazungusha. Magurudumu ya mbele yakaamka. Gari ikajinyanyua topeni polepole, ikatoka yenyewe, ikasimama mahali pakavu. Hakuna aliyeivuta.

Ridhiwani akamtazama mzee.

"Baba... ulijua tangu mchana?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nilitoa salamu, hakuna aliyeitika. Nikadhani gari haina watu."

Magharibi ilikuwa bado kidogo walipofika nyumbani. Mwinjuma matope, Lulu matope, Ridhiwani hata usoni. Wakanawa kwenye beseni mmoja baada ya mwingine, maji yakabadilishwa mara tatu, kijana akapewa kikoi cha mwenye nyumba. Abdullatif akafika kwenye beseni, akasimama, hana cha kunawa. Kanzu inang'aa, soksi nyeupe.

Bi Mwajabu akamtazama toka kofia hadi soksi. "Huyu msafi nani?"

"Mshenga, shangazi," akasema Lulu.

"Kumbe. Alipaa?"

Barua ya posa ilitolewa kwenye leso, ikasomwa, pilau ikaliwa ilivyo. Kisha macho yote yakawa kwa Mwinjuma, hata ya Sikuzani nyuma ya pazia. Akajifuta mikono bila haraka.

"Kijana nimemkubali," akasema. "Alichelewa kushuka, lakini alishuka. Mshenga abadilishwe."

Akabadilishwa. Harusi ilikuwa baada ya mfungo, bibi harusi alitoka na Landrova, na pale bondeni Ridhiwani alishuka na suti yake akazungusha vifuniko vyote viwili, mzee amekaa tu, anatazama mbele.

Abdullatif naye bado anapita kule kuuza mashamba ya watu. Akiiona Landrova kwa mbali anashusha kioo chote, anatoa mkono hadi begani, anapunga kama anayezama. Mwinjuma humjibu, dalali hawezi kusema hajibiwi. Ananyanyua kidole kimoja. Cha pili bado amekishika.