Nilibadilisha Breki za Baiskeli ya Mahari

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Mbinga ni ndogo na baba mkwe wangu mtarajiwa ana ndugu mpaka Mbamba Bay. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, nauza pembejeo hapa mjini. Sinywi, sivuti, na wanawake wengine sina habari nao. Ugonjwa wangu ni baiskeli za zamani.

Nasema ugonjwa kwa sababu nimewahi kushuka mpaka ziwani kufuata taa ya dainamo tu. Baiskeli yangu niliikuta kwa mvuvi mmoja hukohuko ziwani, fremu tupu, kuku wanalala juu yake. Niliihangaikia kwa miaka: siti ya ngozi, kengele, kava la mnyororo, na zile breki za vyuma za asili zinazokamata taratibu bila kelele. Nikipita nayo mjini watu walikuwa wanageuka, na mimi nilipenda wageuke.

Kosa langu ni kwenda nayo ukweni, Mbuji, siku ya kujitambulisha. Baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, alinionya nichukue bodaboda. Sikusikia. Baba wa mchumba wangu akaizunguka, akaigonga kengele, akaomba aijaribu pale uani. Alirudi anacheka peke yake. Majibu ya posa yalipokuja, baba mdogo alinitazama kwa huruma. "Mbuzi wamepunguza," akasema. "Blanketi na jembe viko palepale. Ila mzee anataka ile baiskeli. Siyo mpya, ile ile."

Nikaahidi mpya, mzee akakataa. Nilipomlalamikia mchumba wangu, akasema, "Baba anasema mtu anayetunza chuma namna ile atanitunza na mimi. Wewe unaona anakuonea?" Niliona aibu, na bado roho iliniuma.

Basi nikafanya ujinga. Kabla ya kuipeleka nilifungua vitu vya asili kimoja kimoja: siti, taa, kengele, breki. Nikaweka vya sokoni vinavyofanana. Nilijiambia kwamba mzee ameomba baiskeli, hajaomba kila nati. Siku ya mahari akaipokea mbele ya ukoo, akazungusha gurudumu, akasikiliza. "Siku ile ilikuwa kimya zaidi," akasema. Nikamjibu, "Ni vumbi la njiani, baba." Akanishukuru, akina mama wakapiga vigelegele.

Ndugu zangu, tangu hapo sina raha. Breki zile nazijua, hazifai milima yetu. Mvua ikinyesha zinateleza tu. Na mzee hakuiweka pambo. Kila Jumapili anashuka nayo kwenda kanisani, kwenye mteremko wenye kona kali na korongo chini yake. Simu ikiita Jumapili asubuhi naogopa kuipokea. Dukani mteja anaomba mbolea, namfungia dawa ya mahindi. Juzi nilikwenda nikamwambia, "Baba, niachie kidogo niifanyie matengenezo." Akacheka. "Umeshanipa, mwanangu. Sasa ni yangu, naitunza mwenyewe." Nikamwomba basi asiiendeshe wakati wa mvua. Akaniuliza kama naona amezeeka.

Ndoa yetu imeshatangazwa kanisani mara mbili. Nikisema ukweli, mchumba wangu atajua nilimdanganya baba yake mbele ya ukoo mzima, na sioni posa itakavyopona. Nikinyamaza, mzee anaweza kuvunja shingo kwa ajili ya tamaa yangu. Naandika haya nikiwa nimesimama, kukaa siwezi, na nje mvua haijakatika tangu asubuhi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Breki za asili ninazo chini ya kitanda, zimefungwa kwenye kitambaa. Jana nilizitoa nikasema nazipeleka siku hiyohiyo, liwalo na liwe. Nikazifuta, nikazipaka mafuta, nikazitazama. Halafu nikazirudisha chini ya kitanda. Hilo linanitisha kuliko kuvunjika kwa posa, maana sasa najiuliza kama mzee hakukosea kunipa binti yake.

Keshokutwa ni Jumapili. Mlio kwenye ndoa, na nyie wachache mnaojua mtu anavyoweza kupenda chuma, nishaurini bila kunionea haya: nianze kusema kwa nani, kwa mzee au kwa binti yake?